Slaidi za kiwele cha mbuzi, nilivyohangaika mpaka zikakubali

Mradi wangu wa mwisho chuoni hapa Dodoma ulikuwa slaidi za kiwele cha mbuzi na kondoo, yaani vipande vyembamba vya nyama juu ya kioo vya kutazama kwa hadubini, wanaokamuliwa na waliokauka. Sampuli nilikuwa nafata machinjioni alfajiri, wale jamaa wakishakuzoea wanakukatia wenyewe.

Raundi ya kwanza yote iliharibika. Nilitumbukiza pande nene kama boksi la kiberiti kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukaza nyama isioze, kumbe dawa haiwahi kufika katikati, nje pamekaza ndani bado teketeke, ukipitisha kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, linachanika tu. Mama wa maabara akaniambia mwanangu kata milimita 4 hivi, fomalini ya asilimia 10 iwe mara kumi ya nyama, iache siku nzima au zaidi. Nikarudia, nikakata mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nikapaka rangi za hematoksilini na eosini, zikatoka safi kabisa.

Sasa kusoma. Kila kitu duara! Kilichonisaidia ni kuhesabu safu za seli, kifuko cha maziwa kina safu moja, mrija mkubwa una mbili, na tundu la chuchu lina safu nyingi kama ngozi. Kwa aliyekauka vifuko vimesinyaa, nyuzinyuzi na mafuta vimejaa.

Zilizonitesa ni zile seli nyembamba zinazokumbatia kifuko kwa nje kama wavu, ambazo homoni ya oksitosini ikifika zinajikaza maziwa yanasukumwa kwenye mirija. Hapo ndo nikamkumbuka bibi yangu kule Kongwa, hashiki chuchu kabla hajakisugua kiwele taratibu, na mbuzi kweli maziwa mengi yapo tayari kwenye uwazi wa chini ya kiwele lakini yale ya mwisho yenye mafuta yanatoka huku juu kwenye vifuko, bila kusugua yanabaki. Nilivyoliunganisha hilo nikaanza kuziona kila slaidi.

Kingine, ndani ya vifuko vya mbuzi kulikuwa na vipande vya pinki havina kiini, nikadhani rangi imechafuka nikapaka upya mara mbili. Kumbe ni kawaida yake, seli ikitoa maziwa inamega na kipande chake cha juu. Seli nyingi kwenye maziwa huchukuliwa kama dalili ya ugonjwa, ndo maana ukipima maziwa ya mbuzi uhesabu seli zenye kiini tu, la sivyo mbuzi mzima kabisa utamchoma sindano za ugonjwa wa kiwele bure na maziwa yamwagwe, na hiyo inaniuma kwa sababu kwetu maziwa hayo ndo uji wa watoto.