Siku moja maishani mwangu: mama dalali wa vyumba, Mbeya

Saa 12 na nusu asubuhi. Mwezi wa saba huu, wanaoijua Mbeya wanaelewa, maji ya bomba hayashikiki kwa baridi. Sijanawa hata uso simu inaita, kaka mmoja wa Makete anatafuta chumba Mwanjelwa, "dada nipo peke yangu tu". Naandika kwenye daftari: single, isizidi elfu 40, idadi ya watu naachaga wazi. Si kwamba wanadanganya, siku mtu anapanga anakuwa kweli peke yake, ila familia huku haiji mjini kwa mkupuo, inaingia vipande vipande na kipande cha kwanza ndo huwa kinanipigia simu.

Saa 2 nipo Ilomba, mwenye nyumba kaniita kulalamika. Chumba nilichompangishia kijana wa bajaji sasa hivi kina vijana wanne, wote wa Ileje, wawili wanaendesha mchana wawili usiku kwahiyo godoro halipoi. Kodi wanachanga, ugali wanachanga, na ukiwauliza nani mkubwa hapo wanacheka. Kinachomuuma mwenye nyumba si wingi wao, ni bili ya maji maana hapo inagawanywa kwa chumba na dada wa chumba cha pili anaishi na mtoto mmoja tu, analipa sawa na hao wanne wanaofua na kuoga kila siku. Nimesema igawanywe kwa vichwa. Mwenye nyumba akasema sawa, vijana wakaguna, mi nikaondoka.

Saa 4 Mwanjelwa, namwonyesha kaka wa Makete vyumba. Elfu 5 yangu ya kuonyesha katoa bila maneno, Wakinga, watu wa Makete, wanajua biashara. Huyu kaka alikuja mjini akiwa kijana mdogo, akaletwa na baba yake mdogo mwenye duka la vyombo, akawa analala kwa baba mdogo na kula hapohapo huku anauza duka, mshahara hakuna wa kueleweka, mpaka juzi baba mdogo kamtolea mzigo wa kuanzia biashara ya kwake. Ndo utaratibu wao, umetoa matajiri wengi hapa mjini (na lawama kidogo pia, maana si kila baba mdogo anakumbuka kukufungulia). Kapenda chumba, kodi miezi mitatu mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Wakati anahesabu hela kaniuliza kama uani kuna sehemu ya jiko la mkaa. Mwanaume wa peke yake anaulizia jiko la mkaa? Huyo mdogo wake yuko njiani, na mke nyuma yake.

Saa 7 Iyunga, vyumba vya wanachuo wa MUST. Nimekula chipsi nikaondoka, hakuna jipya, binti na kijana wanasema ni mtu na kaka yake. Huwa nawaambia tu, ile habari ya mtaani kwamba mkikaa miezi sita mshakuwa mke na mume ni uongo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema miaka 2 na kuendelea, na watu wawe wanawachukulia hivyo, na bado mtu anaweza kupinga mahakamani. Wanaonaga nawatisha.

Saa 9 ndo kazi ya leo hasa. Kuna mama mmoja, wa Kyela, namtafutia chumba na sebule kule Soweto na tumeshakataliwa nyumba mbili kwasababu mwenye nyumba anauliza "mumeo yuko wapi" na akisikia Chunya kwenye dhahabu anaona huyu hana mume au kodi itasumbua. Mume anaye, anakuja mwisho wa mwezi kama mambo yamekaa vizuri. Watoto wakubwa wawili wako Kyela kwa bibi yao, wanasoma huko, yeye yuko na wa mwisho na mtoto wa dada yake anayemsaidia genge. Sasa sikiliza: mchele anaokula huyu mama umelimwa na bibi Kyela ukaja na gari mpaka stendi ya Nane Nane, sare za wale watoto wa Kyela zinanunuliwa na hela ya Chunya, na hela ya Chunya ikichelewa genge la Mbeya ndo linalisha pande zote. Sensa ya 2022 ilihesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, kwahiyo huyu baba kaandikwa Chunya, mama kaandikwa mkuu wa kaya Mbeya, watoto wakaandikwa wajukuu kwa bibi. Kaya tatu, na jungu ni lilelile. Jiji letu lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012, mwaka 2022 tukawa 541,603, na mi nadhani wengi wa walioongezeka ukiwauliza vizuri watakwambia wana nusu nyingine mahali.

Nyumba ya tatu tumepata. Mwenye nyumba ni bibi mmoja wa Tukuyu, hakuuliza mume, kauliza "mwanangu unapika na nini, mkaa au gesi?" Yule mama kasema gesi, bibi kasema ndaga (asante kwa Kinyakyusa), ingia. Kodi miezi mitatu pia.

Saa 1 usiku niko home. Kwangu wanakula saba, niliowazaa ni wawili, wengine ni wa kaka yangu, wa shemeji, na dada wa kazi ambaye naye kamleta mdogo wake "wiki moja tu" tangu Pasaka. Simu inaita tena, mwenye chumba Itezi anataka mpangaji asiye na familia. Nimemwambia kwa kodi ya elfu 35 nitamletea mtu kesho saa 3, na aongeze ndoo nyingine kule chooni.