Safari ya kwa Mama Mdogo, na mabua ya dola 12

Mabua ya mahindi yaliyokauka, mzigo mmoja uliofungwa kamba, dola 12. Nilikisoma kile kibao mara mbili. Kwetu Muheza, Tanga, mabua huachwa shambani ng'ombe wale, yanayobaki yanachomwa kabla ya kulima tena. Hapa Marekani watu walikuwa wamepanga foleni kuyanunua, wanayafunga juu ya gari waende kuyasimamisha mlangoni pamoja na maboga, yawe pambo. Nami nikanunua. Mwanangu mkubwa, ana miaka sita, alisema nyumba za rafiki zake wote zina mabua. Na usiku uliotangulia Mama Mdogo alikuwa amenipigia simu: "Mwanangu, ukiona maganda ya mahindi makavu niletee. Nina kazi nayo."

Ilikuwa Jumamosi ya ile wikiendi ndefu ya Oktoba. Jumatatu ya pili ya mwezi huo ni sikukuu na shule hufungwa. Sisi tunaishi Lowell, Massachusetts, na Mama Mdogo yuko Portland, Maine. Kwa barabara kuu ya pwani hata saa mbili hazifiki. Lakini huu ni mwaka wetu wa tatu huku, na kila ifikapo Oktoba tunasikia watu kazini wakisimulia walivyokwenda milimani kutazama majani. Baba watoto akasema mwaka huu hatusimuliwi tena: tutazunguka kwa juu, tupite New Hampshire, tushike barabara ya Kancamagus kutoka Lincoln hadi Conway, karibu kilomita 55 za msitu mtupu, ndipo tuteremke kwenda Portland.

Tukaanzia kwenye shamba la matufaha, kwa sababu mwalimu wa mtoto alikuwa amewaambia darasani habari za kuchuma. Kiingilio ni kwa kichwa. Mfuko wa kuchumia unalipiwa kabla hujagusa tunda. Trela la kukupeleka mitini, linalokokotwa na trekta, linalipiwa peke yake. Tulipotoka tulikuwa tumeacha pale zaidi ya dola 70 kwa matunda ambayo dukani ningenunua kwa 15, tena kazi ya kuchuma tumeifanya wenyewe. Msimu wa machungwa kwetu, mtoto anayetoka shule akipita shambani kwa jirani akaomba, haondoki mikono mitupu, na hakuna anayemhesabia. Niliumia, nasema kweli. Lakini mdogo, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikuwa amekumbatia tufaha moja kifuani kwa mikono yote miwili, na hakuliachia mpaka Portland.

Sasa nije kwenye barabara.

Tulipofika Lincoln ilikuwa saa nane mchana na mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka. Foleni ya magari kwenye sheli ilikuwa imetoka mpaka barabarani. Baba watoto akatazama mshale, akatazama foleni, akasema tutajaza mbele. Kwetu ukikosa mafuta sheli hii, mbele kuna nyingine, na pasipo na sheli kuna kijana mwenye chupa kando ya njia. Hatukujua kwamba katika barabara ile yote, mpaka uishe msitu, hakuna sheli hata moja, hakuna duka, na simu nazo hazishiki.

Mwanzoni hatukuwa na habari ya mafuta, maana macho yalikuwa nje. Nimekulia chini ya milima ya Usambara na ninaijua misitu, lakini sijapata kuona mlima mzima umewaka hivyo bila moto. Mwekundu wa damu, wa chungwa lililoiva, manjano ya bizari, na katikati yake misonobari imebaki kijani kibichi kabisa. Gari lilipita chini ya miti na mwanga ndani ya gari ukageuka dhahabu. Nilimtazama mwanangu kwenye kiti chake, uso wake wote ulikuwa wa manjano. Akauliza, "Mama, miti inakufa?" Nikamwambia hapana, lakini sikuwa na la kuongeza.

Magari yalikuwa yanakwenda kwa mwendo wa konokono, kila mtu anasimama kupiga picha. Tulitumia zaidi ya saa moja na nusu kufika juu kabisa, kwenye mita 870 hivi, hita ikiwa inafanya kazi muda wote kwa ajili ya mdogo. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, taa ya mafuta ikawaka. Hakuna aliyesema neno. Baba watoto akazima hita. Baadaye kidogo akazima na redio, ingawa wote wawili tulijua redio haili mafuta. Gari likaanza kukohoa, naye akaliingiza kwenye eneo la kuegesha kando ya mto, na hapo likazima.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Huku mwezi huo jua linazama saa kumi na mbili, na likishazama milimani baridi inashuka mara moja. Nilimfunga mdogo mgongoni kwa khanga, nikavaa koti juu yetu sote wawili. Simu yangu haina mtandao, ya baba watoto haina mtandao. Pale pale kulikuwa na sanduku la chuma lenye bahasha, unatakiwa kutia dola 5 za kuegesha katika msitu wa taifa. Tukalipa. Naandika hili kwa sababu bado linanichoma: tumekwama, watoto wanatetemeka, nami natafuta noti za kuegesha gari lisiloweza kuondoka.

Baba watoto alipungia mkono magari matatu. Wawili walisema watatoa taarifa wakifika kwenye mtandao. Wa tatu hakusimama. La nne lilikuwa pikapu kuukuu, na mwenye kuiendesha alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe kabisa, peke yake, anarudi kwenye kambi aliyopiga hema na ndugu zake. Hakuuliza maswali. Alishuka, akaenda nyuma, akatoa dumu jekundu la mafuta ya jenereta yao na mpira wa kumiminia. Wakati mafuta yanaingia, mwanangu alimwendea akamrudia swali lake lile lile, kwa Kiingereza, kwamba miti inakufa?

Yule bibi alichuchumaa mpaka wakawa sawa kwa urefu. Akaokota jani la manjano, akamwambia hii rangi ilikuwamo humu tangu jani lilipochipua, ila kijani kiliifunika. Mchana ukianza kuwa mfupi mti unaacha kutengeneza kile kijani, nacho kikitoweka, manjano inaonekana. Akaokota jekundu: hili ni jingine, rangi hii mti unaitengeneza sasa hivi, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mti wenyewe haufi. Unaziba mlango wa kila jani, unaliachia, unalala mpaka baridi ipite. Mwanangu aliyatia majani yote mawili mfukoni.

Nilimpa pesa, akakataa. Nikampa matufaha, akachukua mawili. Akauliza tunaishi wapi, nikasema Lowell. Akacheka, akasema nyanya yake alitoka Quebec akiwa msichana kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya Lowell. Mimi nikamwambia bibi yangu, Mungu amrehemu, kitambaa cheupe kizito cha pamba alikiita marekani mpaka anafariki, kwa kuwa karne ya 19 nguo hiyo ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja kwa meli. Hakuwa amepata kulisikia neno hilo. Alilitamka mara mbili, tatu, polepole, "marekani", kisha akalifunga dumu lake akaondoka. Hatukuulizana majina. Hilo najuta hadi leo.

Conway tuliingia usiku. Portland tulifika saa nne, watoto wamelala, na Mama Mdogo amesimama mlangoni na shuka mbili.

Jumapili ilipita kwa kula. Pilau, samaki wa kupaka, na kuzungumza mpaka sauti zikakauka. Mama Mdogo analalamikia bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, maana Maine nyumba nyingi zinategemea hayo, na tangi lake lilikuwa tupu kama letu jana yake. Amefunga vyumba viwili, analala sebuleni. Mume wangu alimwambia, "Mama, njoo Lowell ukae nasi mpaka baridi iishe." Akajibu, "Mkwe wangu, ahsante. Nikiondoka hapa mabomba yatapasuka, nani atalipa?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Jumatatu asubuhi alitandika mkeka sakafuni, akaniambia nilete yale mabua. Alichambua maganda kwenye mahindi madogo yaliyobaki juu yake, akayaloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akayachana mirefu mirefu kwa ukucha. Nilidhani anatengeneza mwanasesere, maana ndivyo wanavyofanya huku shuleni. Kumbe alikuwa anasuka ukili, ule msuko mrefu wa kushonea mikeka. Miaka kumi na moja hajashika ukindu, lakini vidole havikusahau hata kidogo. Ganda likikaribia kuisha anachomeka jingine, na ukili unaendelea. Mwanangu alikaa mbele yake, magoti yakigusana, akaanza wa kwake.

Saa tatu na nusu tukampigia mama yangu Muheza, kwao ni saa kumi na nusu jioni. Mwanangu, ambaye namfundisha Kiswahili kwa kitabu, alitangulia kusema:

"Bibi, huku ni vuli!"

"Vuli? Mmeshapanda?"

"Hapana, majani yanaanguka."

"Mvua je?"

"Hakuna mvua, bibi. Ni baridi."

Mama akanyamaza kidogo. "Basi hiyo siyo vuli, mjukuu wangu. Vuli ni mvua. Hapa wingu limekaa, nasubiri linyeshe nipande mahindi."

Kitabu kinaandika hivyo, kwamba majira haya ya majani kupukutika ni vuli, nami nilimfundisha hivyo bila kufikiri. Nilikuwa nataka kuingilia nieleze, lakini Mama Mdogo akanishika mkono. Mtoto alikuwa tayari ametoa yale majani mawili mfukoni, anayaonyesha kwenye simu, anamweleza bibi yake rangi ipi ilikuwamo na ipi imetengenezwa. Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kile alichoshika mkono wa pili ni nini.

"Ukili."

"Sogeza nione." Akasogeza. Kilikuwa kipande cha urefu wa kiganja, kimejikunja. Mama alikitazama kwa muda. "Umekaza mno, ndiyo maana kinapinda. Legeza."

Mwanangu akaiweka simu juu ya mkeka, akakifumua chote, akaanza upya.