Ninavyoifikisha Fuso shambani bila kukwama

Nanunua viazi mviringo upande wa Isyonje na Kikondo, huko juu kwenye baridi, navishusha Uyole, Mbeya, kwa Fuso. (Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, sichukui, tusianze kugombana.) Kinachokula faida ni gari kukwama au kukosa pa kugeuzia.

Ukimwomba mkulima lokesheni, atapanda kilimani kutafuta mtandao na kuituma akiwa hukohuko. Pini unayoipata ni ya kilima. Shamba liko ng'ambo ya korongo. Kwa hiyo natangulia mwenyewe kwa pikipiki, simu mfukoni, OsmAnd, programu ya ramani, ikirekodi njia. GPS inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja, haili bando, na ramani ya Tanzania nakuwa nimeshaipakua mjini. Kwenye daraja la magogo nashuka kabisa. Naangalia kama magogo yameoza miishoni, naangalia na alama za matairi: zikiwa za bodaboda tupu, hapo hakuna lori lililopita karibuni. Naweka alama, naendelea mpaka nipate uwanja wa kugeuzia, mara nyingi ni wa kanisa.

Kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, nazo naziangalia. Mistari ikisongamana, mlima ni mkali. Ila vipimo vya mwinuko kwenye ramani nyingi za bure vimetokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour kilichoruka Februari 2000, na kila nukta imebeba kama mita 30 za ardhi. Korongo jembamba linamezwa humo. Umbali nao unadanganya: Chimala na Matamba kwenye kioo cha simu ni pua na mdomo, barabarani unakunja kona 57.

Ndiyo maana namwonyesha mwenyeji njia niliyorekodi. Naigeuza simu mpaka mlima wa kwenye ramani uelekee mlima wenyewe, maana huku tunaelekezana kwa kupanda na kushuka. Kaskazini hakuna anayeitaja. Mama mmoja alicheka: "Mwanangu, hapo masika maji yanapita juu ya daraja. Zungukia shuleni."

Nikirudi naziingiza njia hizo OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Naandika kama ni udongo au changarawe. Majina ya wakulima siweki. Dereva namtumia faili la njia, simu yake inalifuata. Muda wa kufika unaokadiriwa na simu siushughulikii: mvua ikinyesha usiku, gari haliondoki mpaka jua likaushe tope.