Unga wa mwarobaini wa shangazi

Mwezi jana shangazi yangu alinipigia simu kutoka Nyalenda, Kisumu, akaniambia tumbo linamsokota tangu aanze kunywa ile dawa ya mwarobaini aliyonunua soko la Kibuye, na mimi vile nafanya kazi ya maabara nikamwambia shangazi acha kabisa, nenda kliniki leo leo, na hiyo iliyobaki niwekee. Akaleta mkebe ukiwa nusu. Dawa ilikuwa chungu kweli, lakini uchungu si ushahidi, miti mingi ni michungu.

Shida ya unga ni hiyo, jani likishasagwa macho hayakusaidii tena. Nikaloweka kidogo kwa methanoli, nikachuja, nikadondosha tone kwenye sahani ya silika, yaani kibao kilichopakwa unga mweupe unaofyonza, na ule mstari wa kuanzia lazima uchorwe na penseli manake wino wa biro utapanda pamoja na kemikali uharibu kila kitu. Kando yake nikaweka tone la mwarobaini wenyewe kutoka mti ninaoujua, na lingine la majani ya melia, mti unaofanana na mwarobaini, iliyo kwa geti ya jirani. Sahani unaisimamisha ndani ya chupa yenye kimiminika kidogo chini, toluini na ethili asetati, kinapanda polepole, na kila kemikali inabebwa kwa mwendo wake. Chini ya taa ya UV, ile ya mwanga usioonekana kwa macho, nanomita 366, zote tatu ziling'aa nyekundu kama makaa, hiyo ni klorofili tu, kila jani linayo. Lakini nilipopulizia vanilini na asidi ya salfuriki, kemikali za kutoa rangi, halafu nikapasha moto, ile michirizi ya zambarau ilianza kutokea mmoja mmoja na ya shangazi ikakaa sawa na ya melia. Nilirudia mara mbili. Moyo ulinienda mbio.

Nikachoma gramu mbili hivi za ule unga kwenye kikombe cha kauri hadi ikawa majivu, nikatia asidi ambayo haiyeyushi mchanga, na chini kukabaki mchanga. Mchanga jamani, kwa dawa ya mgonjwa!

Huku kwetu utasikia watu wakiita miti yote miwili mwarobaini, na ni ya ukoo mmoja kweli, lakini matunda ya melia yana sumu inayoua hata nguruwe. Angalia jani likiwa bado kwa tawi: la mwarobaini vijani vimepangwa pande mbili za kijiti kimoja, la melia kile kijiti kinagawanyika tena kabla hujafika kwa vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia yana rangi ya zambarau.

Shangazi sasa ako sawa. Nilienda kwa yule mama anayeuza, nikamweleza kwa heshima, akashtuka sana manake hata yeye huletewa ikiwa imesagwa tayari kwa gunia na hajawahi kuona huo mti. Jumapili ameniahidi atamwambia anayemletea aje na tawi zima, na mimi nitabeba langu tuyaweke pamoja pale kwa meza yake.