Ule ukijani wa ukutani una wenyewe: mosi, livawoti na honiwoti

Mwezi wa nne katikati ya masika mpwa wangu alinipigia, yuko kidato cha tatu, shikamoo anko, marahaba, hata hali hatujamaliza kujuliana akaanza anko keshokutwa tuna tesiti ya baiolojia na hizi braiofaita, vile vimimea vidogo vya kwenye unyevu, zimenishinda, kila nikikariri zinachanganyika, mosi ipi livawoti ipi na ile ya tatu ndo siielewi kabisa. Nikamuuliza, wewe ushawahi kuziona? Akasema kwenye kitabu. Nikamwambia kesho ukitoka shule pitia hapa nyumbani, daftari liache, vaa viatu vya kuchafuka.

Maana mimi nilipita njia hiyohiyo na bado inaniuma. Shule niliyosoma ukitoka darasani ukatembea dakika tano unafika kwenye kijito ambacho kingo zake zote zimejaa livawoti, na miaka minne nzima hakuna siku hata moja tulipelekwa pale. Mwalimu alichora ubaoni vimwavuli vya livawoti moja inaitwa Marchantia akatuambia huo mwavuli ndo sporofaiti, yaani sehemu inayotengeneza spori, zile chembe za kuzalia, tukanakili, tukakariri, na kumbe sio kweli! Mwavuli ni mmea wenyewe umenyanyua mkono, ni gametofaiti (sehemu inayotengeneza yai na seli za dume) ileile iliyolala chini, sporofaiti ni vile vidude vidogo vya njano vinavyoning'inia chini ya mwavuli na usipoinama ukachungulia huvioni. Nimekuja kujua hilo nikiwa chuo. Mtoto angepelekwa pale mtoni akageuza mwavuli mmoja tu asingesahau mpaka anazeeka.

Basi akaja. Mimi nakaa Morogoro upande wa Bigwa, mlima Uluguru uko mgongoni kabisa, na nyuma ya nyumba kuna ukuta wa bafu la nje ambao maji yanauchirizikia mwaka mzima. Tukaanzia hapo. Kuna ukijani umetanda kama zulia, mama mwenye nyumba anaita ukoga na kila Krismasi anataka tuukwangue, na mimi kila mwaka namuomba mama niachie kipande cha kona. Nikampa dogo lenzi ya mkononi (hata kamera ya simu ukiisogeza karibu inatosha) nikamwambia niambie unaona nini. Akakaa kimya, alafu akasema anko hii ni miti! Ndo hivyo, ukiisogelea mosi unaona vishina vimesimama, kila kishina kina vijani vyembamba vimekizunguka pande zote, na majani mengi yana mstari katikati kama mshipa. Juu yake kuna nyuzi za kahawia zimebeba vikopo. Hiyo ndo sporofaiti, hiyo kopo ni kapsuli ya spori, ina kifuniko, kifuniko kikidondoka ndani ya mdomo wa kopo kuna meno meno, mosi nyingi ziko hivyo, na hayo meno yanacheza na unyevu wa hewa yakifunguka na kufunga ili spori zitoke kidogo kidogo.

Sasa kabla sijaendelea niseme zinachofanana, maana hapa ndo vitabu vinaanzia na vinaishia. Zote tatu hazina zailemu na floemu za kweli, yaani mirija ya kusafirisha maji na chakula, hazina mizizi, zina rizoidi tu, vinyuzi vya kushikilia, maji zinanyonya kwa mwili mzima. Hazina maua wala mbegu. Mbegu ya kiume, yaani ile seli ya dume, inaogelea, ina vimkia viwili, bila tone la maji haifiki kwenye yai, ndo maana utazikuta kwenye unyevunyevu. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili, kwenye mchicha au mwembe mmea unaouona ni sporofaiti na gametofaiti imejificha ndani ya ua, huku ni kinyume, kijani unachokiona na kukanyaga ndo gametofaiti, ina seti moja tu ya kromosomu, na sporofaiti imeota juu yake inalishwa nayo kama mtoto wa mgongoni. Zipo spishi kama elfu 20 duniani kwa jumla, mosi ni karibu elfu 12, livawoti elfu 7 hivi, na honiwoti hazizidi sana 200. Vitabu vya zamani vinaziweka zote kwenye divisheni moja ya Bryophyta yenye klasi tatu, siku hizi wataalamu wamezipa kila moja divisheni yake, Bryophyta imebaki jina la mosi peke yake, livawoti ni Marchantiophyta na honiwoti ni Anthocerotophyta. Mwanafunzi akikutana na majina yote mawili asidhani kuna mmoja kakosea, ni wakati tu umepita.

Tukashuka kijitoni. Livawoti tulizikuta hata hatujatafuta, Marchantia imelala kwenye udongo kama vipande vya maini ya kijani vimepangwa, na jina la livawoti kwa kizungu limetoka hukohuko kwenye maini, watu wa zamani Ulaya waliona umbo hilo wakaamini ni dawa ya ini. Juu ya jani kuna vikombe vidogo na ndani yake vidonge vya kijani kama dengu ndogo sana, tone la mvua likipiga kikombe vidonge vinaruka na kila kimoja kikitua sehemu yenye unyevu kinakuwa mmea mpya, hakuna cha dume wala jike. Dogo alikaa pale na majani ya mgomba akidondosha maji kwenye kikombe kimoja mpaka kikaisha.

Ila nikamwambia usidanganyike, livawoti nyingi haziko hivi! Marchantia ndo ya kitabuni lakini spishi nyingi zaidi za livawoti zina vijani kabisa, na ukiziona kwa mbali unasema hii mosi. Utazitofautishaje? Angalia majani yalivyopangwa, livawoti yanakaa safu mbili kulia na kushoto kama zipu, mara nyingi na safu ya tatu ya vijani vidogo imejificha kwa chini, na jani halina ule mstari wa katikati. Mosi inazunguka. Alafu ngoja ioteshe kapsuli, hapo ndo hakuna ubishi. Mosi inanyanyua uzi wake mapema, mgumu, kapsuli inakomalia juu kwa wiki nyingi. Livawoti inaikomaza kapsuli kwanza chini huku imefichwa, alafu ghafla uzi unarefuka, mweupe laini unapitisha mwanga kama tambi iliyoiva, kapsuli inapasuka vipande vinne, spori zinarushwa na vinyuzi vilivyojisokota kama springi, na baada ya siku chache uzi umeshanyauka. Ukienda Jumatatu upo, Jumapili haupo. Mimi napenda sana kumwambia mtu aangalie uzi kwanza, majina baadae.

Ya tatu ilituchukua karibu saa nzima. Honiwoti haipendi mtoni ndani, inapenda udongo mtupu wenye unyevu, kingo za njia zilizokatwa na jembe, matuta ya mashamba. Tulipanda njia ya kuelekea Morningside tukiangalia ukingo mmoja mmoja mpaka dogo mwenyewe akaiona, nilifurahi kuliko yeye. Chini ni jani bapa la kijani kibichi lililojikunjakunja, ukiangalia haraka unasema livawoti, lakini juu limechomoza pembe, nyembamba, ndefu kama kijiti cha kiberiti. Pembe hiyo haina uzi na haina kopo. Inakua kutokea chini kama ukucha, yaani nchani imeshaiva na inapasuka pande mbili na kumwaga spori wakati shinani bado mbichi inaendelea kutengeneza nyingine. Ya kwetu ilikuwa imepasuka nchani na spori zake ni za njano kama unga wa manjano, kwa hiyo nikamwambia hii ni Phaeoceros, ingekuwa Anthoceros zingekuwa za giza kama masizi.

Alafu nikamwambia chukua jani moja liinue juani. Ndani kuna vidoa vyeusi vyenye ubluu. Hivyo ni makundi ya Nostoc, sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, zimepangishwa humo ndani, zinachukua naitrojeni ya hewani na kuipa honiwoti, kazi ileile inayofanywa na vinundu vya maharage. Mmea mdogo kuliko kidole una mbolea yake mwenyewe! Na seli za honiwoti nyingi zina kloroplasti (kile kichembe cha kijani cha kutengenezea chakula) moja kubwa tu badala ya rundo, kwenye hilo zinafanana na mwani kuliko mimea mingine ya nchi kavu. Pia pembe yake ina stomata, vile vitundu vya kupitishia hewa, na mosi nyingi zina stomata kwenye kapsuli, ila livawoti hazina kabisa. Kwa muda mrefu hayo yaliwachanganya watu nani ni ndugu wa nani, tafiti za jeni kuanzia 2018 hivi zimekuwa zikionyesha mosi na livawoti ndo ndugu wa karibu na honiwoti ni ya pembeni yao.

Kitu kimoja naomba watu waache, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ukipanda Kilimanjaro sio mosi. Kila anaeposti picha anaandika mosi. Ile ni Usnea, kuvumwani, kuvu na mwani wanaishi pamoja, hata sio mmea.

Na kwa nini nahangaika na vitu hivi, dogo aliniuliza tukiwa tunarudi. Nikamgeuza akaangalia Bondwa, kilele cha Uluguru, kilikuwa na wingu kama kawaida yake. Nikamwambia kule juu, zaidi ya mita 2,000, miti ni mifupi imepinda na imevikwa mosi na livawoti mpaka gome halionekani. Kuna mtaalamu Mhungaria, Tamás Pócs, alifundisha hapahapa Morogoro, akapima vitu vyote vinavyoota juu ya miti kule, vingi vikiwa hizi hizi, na mwaka 1980 akachapisha vipimo vyake, karibu tani 14 kavu kwa hekta moja, wakati msitu wa chini zaidi ni tani 2 na kidogo. Mvua moja ikinyesha hekta moja ya kule juu inaweza kushika hadi lita 50,000 kwenye hilo zulia, hayo ni maboza matano ya lita elfu kumi, alafu yanaachiwa taratibu. Zaidi ya hapo mosi inakamata ukungu unaopita hata kama mvua hainyeshi. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na Ruvu ndo maji ya Dar. Mtu wa Tabata akifungua bomba sehemu ya maji hayo imeshalala kwenye mosi. Kwa hiyo nikiona mkaa unashushwa kutoka juu kule mimi siwazi miti peke yake, maana mti ukianguka na nguo yake yote inakauka, na nguo ile haishonwi msimu mmoja.

Tulirudi na vipande vitatu, tukakunja bahasha za gazeti, nikamfundisha kuandika juu sehemu, tarehe na ilikuwa imeota kwenye nini, maana makumbusho ya mimea yanahifadhi hivyohivyo, hakuna dawa wala friji, ni karatasi na hewa kavu. Tesiti alifanya, nilimuuliza akasema swali la Marchantia alichora mwavuli ameugeuza juu chini na mshale kwenye kile kidude cha njano.

Wiki tatu baadae saa nne usiku akanitumia video. Amechukua ile mosi ya ukuta wa bafu, imekauka imejikunja kama majani ya chai, ameiweka kwenye kisosi na anaidondoshea maji kwa kijiko, na unaona vijani vinajinyoosha kimoja kimoja, vinarudi kijani, haijafika hata dakika. Nyuma inasikika sauti ya dada yangu, we mtoto si umeambiwa ulale, na yeye anajibu mama subiri, mama njoo uone, iko hai.