Hadeani, yaani kuzimu kabisa

Jana nimekutana na neno Hadeani nikadhani ni jina la dawa, kumbe ni kipindi cha kwanza kabisa cha dunia, toka miaka bilioni 4.6 iliyopita mpaka bilioni 4, mtu hayupo, mti haupo. Neno linatoka kwa Hades wa Wagiriki, mungu wa kuzimu na pia kuzimu kwenyewe, ileile tunayotaja kanisani kwenye "akashukia kuzimu". Aliyelileta ni mwanajiolojia Mmarekani Preston Cloud, mwaka 1972. Na jina lilikifaa kipindi hicho, maana picha ya wakati huo ilikuwa moto mtupu, miamba imeyeyuka kama uji, vimondo vinashuka tu.

Sasa utamu uko hapa. Kule Jack Hills, Australia, wameokota vipunje vya madini ya zikoni, vidogo kama chembe ya mchanga, kimojawapo kina miaka bilioni 4.4, na oksijeni iliyofungiwa ndani yake inaonyesha kulikuwa na maji, maji ya kweli siyo mvuke! Kwa hiyo kuzimu ilishapoa mapema tu, ila jina ndo limeshaganda, na mi binafsi nisingelibadilisha, linanoga mdomoni.