Mwanangu hakuwa mzembe

Mwanangu wa pili alipokuwa darasa la tatu, maneno "Mwandiko mbaya, mzembe" yalijirudia kwa wino mwekundu katika daftari lake, na mimi niliyeyasoma kila jioni hapa nyumbani Nkuhungu niliyaamini. Nilimgombeza. Nilimwamuru aandike upya ukurasa mzima huku akilia, kwa sababu nilidhani mtoto anayeweza kusimulia hadithi nzima aliyoisikia redioni, bila kuacha jina hata moja, hawezi kushindwa kuandika mistari mitano isipokuwa kwa kutokutaka. Kwa hilo nimemwomba radhi, naye amenisamehe.

Dalili zilikuwepo tangu mapema, ila hatukuziunganisha. Alichelewa kujua kufunga vifungo vya shati, kuchonga penseli kulimtoa jasho, mpira ulimpita katikati ya mikono, na ndoo ndogo ya maji ilifika jikoni ikiwa nusu. Kituo cha kwanza cha afya tulichokwenda kilitujibu kwamba atakua tu na yataisha. Ilipita karibu miaka miwili kabla hatujampata daktari wa watoto aliyemtazama kwa utulivu na kutupa rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kuzimudu kazi za kila siku, ambaye kwa mara ya kwanza alilitaja jina la dispraksia.

Nieleze nilivyoelewa. Misuli ya mtoto ni mizima na akili yake haina kasoro. Penye ugumu ni pale ubongo unapopanga mjongeo na kuuratibu. Mimi na wewe tulijifunza kufunga kifungo mara moja, na tangu hapo vidole vinajiendea vyenyewe huku tukiwaza mengine. Kwa mtoto mwenye dispraksia, kazi hiyo hiyo huendelea kudai mawazo yake yote, kana kwamba anaifanya kwa mara ya kwanza, ndiyo maana hurudi kutoka shuleni amechoka kuliko wenzake. Kitaalamu huhesabiwa kuwa tatizo la ukuaji wa uratibu wa mwili, na makadirio yanayotumika sana ni kwamba huwapata watoto watano hadi sita katika kila mia moja wa umri wa shule, hasa wavulana, na zaidi waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Katika darasa la wanafunzi 80, hao ni wanne au watano, na sidhani kama kuna mwalimu hapa Dodoma ambaye hajawahi kuwafundisha.

Kwa kawaida wataalamu hawathibitishi tatizo hili kabla ya miaka mitano, na kwanza hupima macho na kuhakikisha kwamba si mtindio wa ubongo wala ugonjwa wa misuli. Mzazi mwenzangu, zingatia hili: mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, mathalani aliyekuwa akikimbia na sasa anaanguka ovyo, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa hiyo siyo dispraksia.

Hakuna dawa ya kumeza. Kinachosaidia ni kumfundisha mtoto kazi yenyewe anayoihitaji, hatua kwa hatua, badala ya kumpa mazoezi ya jumla na kutumaini kwamba mwandiko utajinyoosha. Mtaalamu wetu alitumia njia iliyoasisiwa Kanada, ambayo ina maneno manne: lengo, panga, tenda, kagua. Alimwuliza mtoto mwenyewe angependa kuweza nini kwanza. Mimi nilingoja aseme mwandiko. Akasema, "Nataka kula ugali na mlenda bila kuchekwa."

Sikuwahi kuifikiria kazi iliyomo katika tonge moja. Unakata kwa vidole, unafinyanga kiganjani mpaka lishikamane, unabonyeza kwa gumba kupata kishimo, kisha unachota mlenda na kuufikisha mdomoni kabla haujateleza, na yote hayo ukiwa umebanana na binamu zako kwenye sinia moja. Alipokagua mwenyewe, aligundua kwamba tonge lake lilivunjika kwa sababu alikata kubwa mno na kulichovya kabla ya kulifinyanga. Akapanga kukata dogo, kuhesabu mizunguko mitatu kiganjani, ndipo abonyeze. Tulifanya hivyo kila jioni kwa wiki kadhaa, yeye akihesabu kwa sauti. Mwezi wa sita tulipokwenda Mvumi, bibi yake aliandaa ugali wa uwele, na nilimwona midomo ikihesabu kimya kimya. Bibi akamwambia, "Leo mume wangu umeshiba kwa mkono wako."

Mwandiko ulifuata baadaye, kwa njia ile ile, na bado haujawa mzuri. Shuleni tuliomba mambo machache: akae mbele, asinakili ubao mzima, ajibu baadhi ya maswali kwa mdomo, na hesabu aziandike kwenye daftari lenye vyumba ili tarakimu zisihame safu. Mwalimu wake wa sasa alikubali yote siku hiyo hiyo, nami namshukuru sana.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo ni wachache. Hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na mtu wa Kondoa au Mpwapwa hulazimika kusafiri ili kuwapata, kwa hiyo anzia kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa na uombe rufaa hiyo kwa jina. Upande wa shule, mwone afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako mapema, ukiwa na barua ya hospitali mkononi. Katika mitihani ya taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, lakini mtoto ambaye hakuna aliyemtambua hawezi kuombewa nyongeza hiyo. Barua ya mwanangu tumeipeleka wiki iliyopita.